Sekunde Kumi na Nane

Léocadie alipolitua kasha la kompyuta juu ya meza ya Houda, hakuanza na habari za virusi wala za umeme kukatika, nyimbo ambazo wateja wote huanza nazo hata kama mashine imekanyagwa na lori. Alisema moja kwa moja:

"Inachukua dakika kumi na moja kuwaka. Mi nataka iwake mbele bwana yangu amalize kuoga. Yeye anaoga dakika nane."

Houda alicheka. Mungu amsamehe, alicheka kweli, akidhani huyu mama ni wale wanaojificha kutazama filamu za mapenzi. Kisha kitenge cha Léocadie kikateleza begani, na Houda akaona alama ya pasi. Si mchubuko wa bahati mbaya, la. Ncha nzima ya pasi imegongwa kwenye nyama kama muhuri wa ofisi, bado mbichi pembeni. Kicheko kikamkauka mdomoni.

"Nani?" aliuliza, swali la kipumbavu.

"Ilikuwa mara ya pili najaribu kutuma picha," Léocadie alisema, akijifunika upya. "Maji ilinyamaza mu bafu, na mashini ingali inazunguka tu. Alinikuta na kidole ku kibonyezo."

Basi mjue Houda ni nani. Fundi wa kompyuta, mtaa wa Buyenzi, avenyu ya kumi na tatu, kibanda kimeegemea ukuta wa garaje ya baba yake. Alikua kati ya injini zinazotapika oili, na kompyuta alizichukulia hivyo hivyo: usiifungue kabla hujaisikiliza. Mdomo wake haukuwa na breki. Wanaume wa garaje, watu wa kunyanyua injini kwa mikono mitupu, walikuwa wakimpisha njia akiamka vibaya. Lakini siku ile alivuta kiti, akamwambia Léocadie aketi na aseme yote.

Léocadie hakuwa na mengi ya kusema. Alikaa mtaa wa Nyakabiga, akiwapigia chapa wanafunzi wa chuo kikuu kazi zao za mwisho. Mumewe, Télesphore, alikuwa mtu wa wizara, mtu wa suti, mwalimu wa kwaya, na mtaa mzima ulimsalimia kwa mikono miwili. Kila jioni alipekua simu ya mkewe. Kwa hiyo kila alipompiga, Léocadie alijipiga picha, akaihamishia kwenye kompyuta na kuifuta simuni kabla jioni haijafika. Mtandao wa nyumba ulitoka kwenye simu ya Télesphore, akitoka unatoka naye, ndiyo maana kutuma kulingoja aingie kuoga. Mara mbili alikuwa amekimbilia kwao milimani, na mara mbili Télesphore alifuata na kreti za bia, wazee wakanywa, wakamrudisha. "Niko zubakwa," walimwambia kwa Kirundi, ndivyo nyumba zinavyojengwa. Nyumba gani hiyo, jamani, inayojengwa kwa pasi?

"Kuna avoka, mwanasheria, Metre Benite," Léocadie alisema. "Alinambia, leta ushahidi, mi nitakusimamia mpaka mwisho. Bila picha, ni neno yangu na neno ya mwalimu wa kwaya. Na mutu yote ananijua mi ni muke mwenye kukimbia-kimbia."

"Tutume hapa hapa! Leo!"

"Leo apana. Yuko Gitega mpaka Ijumaa, lakini anapiga simu ya nyumba kila baada ya saa moja, lazima asikie redio ya sebuleni. Nikichelewa kushika..." Akainuka kitini. "We itengeneze tu. Kesho saa kumi ya mchana narudi, tutatuma pamoja. Na hata nisipoweza kurudi, mi nataka mashini yenye itawaka mbele ya maji kunyamaza."

Akaondoka mbio, amejishika bega.

Houda alilifungua kasha lile kwa hasira, kama kwamba Télesphore amejificha humo ndani. Vumbi lilikuwa limeganda kama blanketi, na kwenye feni kulikuwa na yai la mjusi. Alipuliza, akasugua, akaongeza kumbukumbu ya pili pembeni ya ile ya kwanza iliyokuwa ikilemewa na mizigo. Kisha akaangalia ni programu ngapi zinaamka pamoja na mashine. Kumi na nne! Tatu za kuzuia virusi, zinagombana zenyewe kwa zenyewe, na moja ya kuongoza printa ambayo pengine ilishauzwa kama chuma chakavu. Akazifukuza zote isipokuwa mbili. Mashine ikawaka kwa dakika nne na nusu. Bado. Maji ya bafu yanyamaze saa ngapi, nani ajuaye? Akaing'oa diski kuu, ile ya zamani inayozunguka na kusaga kama mtu anayetafuna mchanga, na mahali pake akaweka ile mpya isiyozunguka, nyembamba kama daftari la posta, baada ya kuhamishia kila kilichokuwa ndani.

Ili kuhakikisha kwamba vyote vimehama salama, alifungua mafaili mawili matatu, kama fundi anavyowasha taa za gari kabla ya kumpa mtu funguo. Moja lilikuwa kazi ya mwanafunzi kuhusu kilimo cha kahawa. Lingine lilikuwa jicho. Jicho la Léocadie, limefura mpaka halina mstari. Baada ya hilo kulikuwa na shingo, na mgongo ukionekana kwenye kioo cha kabati, na jino kwenye kiganja. Arobaini na tatu. Houda alizitazama zote mpaka mwisho, kwa sababu aliona ni haramu kuacha katikati. Alipomaliza alitoka nje akatapika nyuma ya matairi.

Aliporudi alizipunguza picha uzito ili zipite haraka kwenye mtandao, akazifunga katika mzigo mmoja bila kuacha hata moja nje, akauwekea mlango wa neno la siri. Akampigia Léocadie, akamtajia neno hilo mara moja tu. Akazima, akawasha, akahesabu. Sekunde kumi na nane! Alirudia mara tano. Kumi na nane, kumi na nane, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na nane. Alipiga meza kwa furaha, wallahi, baba yake akachungulia kutoka chini ya gari kuuliza kuna nini.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibikia. Kule Buyenzi kuna sheria ambayo haikuandikwa popote: piesi ya zamani ni ya mwenye gari. Ukimbadilishia mtu plagi, unamrudishia plagi yake mbovu na masizi yake. Huifuti, huioshi, hubaki nayo hata kama ni takataka, ili aone kwa macho yake kwamba umebadilisha kweli na hukumwibia. Baba yake Houda hakuwa na meno upande wa kushoto. Ujanani alisahau pampu ya dizeli ya mteja juu ya rafu, mteja akapiga kelele "Mwizi!", na mwizi hana kesi. Walimpiga kwa mikanda ya injini mpaka wakachoka wao. Tangu hapo, katika garaje ile, hata msumari uliochakaa ulifungwa kwenye gazeti na kuandikwa jina la mwenyewe.

Kwa hiyo Houda aliifunga diski ya zamani kwenye gazeti, akaandika LÉOCADIE kwa kalamu nene. Kuifuta? Hata wazo halikumjia kama kosa. Ilirudi kwa mwenyewe kama ilivyotoka. Kubaki na nakala ya picha, hilo alilifikiria. Kidole kilikuwa tayari juu ya kibonyezo. Kikakataa. Kitu cha mtu hukai nacho, alifundishwa hivyo tangu hajajua kusoma. Lo, adabu nyingine zitatumaliza.

Kesho yake, saa nane mchana, gari jeupe lilisimama mbele ya garaje. Akashuka mwanamume mrefu, suti ya kijivu, viatu vinang'aa kwenye vumbi la oili. Aliwasalimia wazee kwanza, kila mmoja kwa heshima yake. Kisha akamfuata Houda.

"Mi ni bwana ya Léocadie," alisema kwa upole. "Nilirudi mbele ya siku. Nimekuja kuchukua mashini ya nyumba yangu."

"Tulipatana na Mama mwenyewe. Saa kumi."

"Mama ni mugonjwa." Kwenye vifundo vya mkono wake wa kulia ngozi ilikuwa imechanika, mbichi. Houda aliona. "Hawezi kutoka."

"Basi aje akipona."

Hapo Télesphore akageuka, akawatazama mafundi wote, akapaza sauti yake ya kwaya. "Baba zangu, hii ni adabu gani? Muke wangu analeta mashini hapa, huyu binti anaifungua, anatoa vitu, halafu anakataa kunirudishia! Ametoa nini mule ndani? Ameiba nini?"

Neno likaanguka. Ameiba. Watu wa garaje ya jirani wakanyanyua vichwa, na wapita njia wakasimama. Kijana wa matairi aliyeshika mkanda aliuacha ukaning'inia mkononi. Baba yake Houda akatoka chini ya gari, uso umempauka.

"Houda! Mupe mutu kitu yake!"

"Baba, hujui..."

"Mupe! Na piesi ya zamani! Yote! Apa kwangu apana mwizi!"

Macho ya watu hamsini. Mdomo ule usio na breki ukashikwa na kigugumizi. Angesema nini? Kwamba bwana mwenye suti anampiga mkewe? Nusu ya waliosimama pale wangesema ni mambo ya nyumba. Na hofu ilimshika, tusimfiche, hofu ya mikanda ile. Akalitoa kasha, akaliweka juu ya meza. Akatoa na ule mfuko wa gazeti.

"Shika. Hatukuiba kitu."

Télesphore aliupokea kwa vidole viwili. "Hii ni nini?"

Baba, kwa fahari yake yote, alijibu kabla Houda hajafumbua kinywa. "Diski yenu ya zamani, bwana! Kamili, na yote yaliyomo. Uitundike tu ku nyaya zake, inasomeka kama jana. Sisi hatuharibu kitu ya mutu."

"Yote yaliyomo," Télesphore alirudia taratibu. Akatabasamu. Akamshika Houda kifundo cha mkono, kama anayempa shukrani, akakaza mpaka mifupa ikaumana, huku akiendelea kutabasamu mbele ya watu wote. "Asante sana, fundi."

Gari likaondoka. Houda alichukua simu, akapiga namba ya Léocadie. Ikapokelewa mara moja.

"Ndiyo, fundi?" alisema Télesphore. "Kuna piesi ingine umesahau?"

Houda alipiga ukelele uliozima nyundo zote. "Baba! Umemuua mama ya watu! Mi na we, tumemuua!" Akamweleza kwa maneno kumi, hayakuzidi. Mzee akabaki mdomo wazi, upande mmoja una meno na upande mmoja hauna. Houda hakungoja amalize kuelewa. Alinyakua chuma cha kufungulia tairi kilichokuwa chini, akatoka mkuku.

Kutoka Buyenzi mpaka Nyakabiga si mbali kwa mtu anayetembea, lakini kwa mtu anayekimbia na roho mkononi ni mbali kama Rumonge. Ndala moja ilimkatikia njiani, akaitupa na nyingine. Mtandio ulimwangukia mabegani. Alikuwa akijitukana kwa sauti, watu wakampisha wakidhani amepagawa. Mjinga! Mjinga wewe Houda! Picha arobaini na tatu umemfungia kwenye gazeti, umemkabidhi na jina juu!

Lango la Télesphore, ambalo mtaa mzima ulilijua na kumwelekeza, lilikuwa limefungwa kwa ndani. Jirani, Mama Lisette, Mkongomani wa Uvira, alikuwa ameketi mbele ya makaa yake anayouza, mikono imeziba masikio.

"Ameanza tangu aingie na mashini," alisema bila kuulizwa. "Leo ni mubaya kuliko siku zote. Mi ni mukimbizi, dada, mi nitaingiaje mu mambo ya wenye inchi?"

"Usiingie! Nipe kitu ya kupandia!"

Mama Lisette akainuka, akageuza pipa la makaa juu chini, makaa yote yakamwagika, akalisukuma mpaka ukutani. Akamsukuma Houda makalio kwa mikono miwili myeusi. Houda akaangukia upande wa pili juu ya magoti, akasikia ngozi ikibanduka.

Alichokikuta ndani alikuja kukijua vizuri baadaye, Léocadie alipomsimulia. Télesphore alikuwa ameiwasha mashine katika chumba kidogo ambamo mkewe hupigia chapa, ikafunguka kufumba na kufumbua, akakutana na mlango wa neno la siri. Akamwuliza mkewe neno. Hakusema. Akamvunja pua kwa kibao cha herufi. Hakusema. Akamburuta kwa nywele, akamgongesha uso kwenye meza, mara moja, mara mbili, mara tatu, na bado Léocadie hakusema. Ndipo alipokumbuka mfuko wa gazeti. Alifungua kasha kwa kisu cha jikoni, akaitupa diski mpya mezani, akatundika ile ya zamani kama mzee alivyomwelekeza, na akawasha.

"Tungoje," alimwambia mkewe, akavuta kiti, kisu kikiwa pajani. "Mi sina haraka."

Hivyo ndivyo Houda alivyowakuta kutoka mlangoni: mwanamume ameketi amekitazama kioo cheusi cha kompyuta, mwanamke amejikunja sakafuni kwenye damu yake, na diski ya zamani inasaga, inasaga. Houda aliujua mlio ule. Ilikuwa na dakika mbili tu tangu ianze. Zilibaki mbili na nusu.

Aliinua chuma kwa mikono miwili akakishusha kwenye bega la Télesphore. Mfupa ukalia kama mpini wa ufagio ukivunjika. Kisu kikaruka chini ya kabati. Télesphore alinguruma, akageuka, na kabla Houda hajainua mara ya pili ngumi ilimfika shavuni, naye akarudi nyuma mpaka sebuleni, akapindua meza ya vinywaji na vikombe vya kwaya. Vioo vikamwingia mgongoni. Télesphore akamfuata, na hilo ndilo Houda alilolitaka.

"Funga mulango!" alipiga kelele. "Léocadie! Funga mulango!"

Akasikia komeo likigonga. Télesphore naye akasikia. Akageuka kuuvamia mlango, na Houda, sijui nguvu alizitoa wapi, akamdaka miguu, akamwangusha, akatambaa juu yake mpaka yeye akawa kati ya mtu yule na mlango. Mgongo wake akaupachika kwenye mbao.

"Zima mashini!" alipaza sauti kupitia mbao. "Ng'oa nyaya mbili ku diski kubwa! Chomeka ku ile ndogo! Iko ju ya meza!"

"Siioni!" sauti ya Léocadie ilikuwa nzito, imejaa damu. "Macho yangu haifunguki vizuri!"

"Papasa! Ni kidogo, bapa, baridi!"

Teke la kwanza lilimpata mbavuni. Hewa yote ikatoka. La pili likaja palepale. Télesphore alipiga kwa mguu kwa sababu mkono wa bega lile haukunyanyuka tena, Alhamdulillah kwa chuma cha tairi. "Toka," alikuwa akisema kila alipopiga. "Toka. Toka. Hii ni nyumba yangu."

"Nimeipata!" alilia Léocadie. "Inaingia upande gani?"

"Haiingii kinyume! Usiogope! Ikikataa, igeuze!"

Télesphore akaona chuma cha tairi sakafuni. Houda naye akakiona. Wote wawili wakakifikia, mkono wa Houda ukashika ncha moja, wa mwanamume ncha nyingine, na kiatu kile kinachong'aa kikashuka juu ya vidole vya Houda. Akasikia viwili vikikatika. Hakuwa amewahi kujua kwamba kidole kina sauti. Alilia kwa sauti kubwa, alimwita mama yake aliyekwisha kufa, alijisaidia haja ndogo palepale, na hakutoka mlangoni.

Ndani ya chumba, feni ikaanza kuvuma.

Moja, mbili. Houda alihesabu. Hakuwa na kingine cha kushikilia. Chuma kilimpata pajani kwenye tatu, na kwenye sita kikampata mkononi alipojikinga kichwa. Saba, nane. Jana alihesabu hivi kwa furaha, akipiga meza. Kwenye kumi Télesphore aliacha kumpiga yeye, akaanza kuupiga mlango juu ya kichwa chake, vipande vya mbao vikimwangukia machoni. Kumi na tatu, na mbao ikapasuka. Kumi na sita. Angeiacha dakika nne na nusu, angesema inatosha, watu wengi wangesema inatosha! Kumi na nane.

Kutoka ndani, kengele ndogo ya mashine iliyoamka.

Bado mtandao ushike, bado amwandikie avoka neno la siri, bado mzigo upande. Mkono wa Télesphore wa bega lililovunjika, akiusukuma kwa mwili, ukapita kwenye tundu la mlango ukitafuta komeo. Houda aliushika kwa mkono wake mzima, akauvuta chini, akaung'ata. Aling'ata mpaka meno yakagusa kitu kigumu, na hakuachia hata alipopigwa kisogoni, hata nyumba ilipoanza kuzunguka na kuwa nyeusi pembeni. Hasira aliyokuwa nayo, jamani! Ilikuwa imemwacha yeye mwenyewe nyuma.

"Imeenda!" Léocadie alipiga kelele. "Imeenda!"

Télesphore akasimama. Chuma kilikuwa juu bado.

"Nini imeenda?" aliuliza. "Imeenda wapi?"

"Kwa Metre Benite. Zote arobaini na tatu. Anazifungua sasa ivi." Alikuwa akilia na kuongea pamoja. "Vunja sasa. Vunja mashini, vunja diski yote mbili. Vunja na mi. Wee vunja!"

Hakuvunja. Miaka yote ile alikuwa amepiga ndani ya kuta, na nje akasalimiwa kwa mikono miwili. Chuma kikashuka taratibu, kana kwamba kimekuwa kizito ghafla. "Mumeniharibia jina," alisema, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, akijililia mwenyewe. Houda, mdomo umejaa damu ambayo si yake, alimtemea viatuni.

Ndipo lango la nje likaanguka. Garaje nzima ilikuwa imefika kwa miguu, baba mbele, amevaa ndala tofauti kila mguu, na nyuma yao Mama Lisette ameshika koleo la makaa. Walipomwona Houda pale chini, kijana wa matairi alimrukia Télesphore, akampiga kichwa, akamwangusha, na wengine wakajaa juu. Mikanda ikaanza kulia. Yule bwana wa kwaya alipiga kelele nyembamba, kelele ambayo ukuta ule ulikuwa haujaisikia kwake.

"Acheni!" mzee alifoka. Akawavuta mmoja mmoja kwa kola. "Acheni, wajinga! Mukimuumiza, kesho ni yeye atapeleka vidonda yake kwa hakimu! Mufungeni tu!"

Wakamfunga kwa kamba ya kukokotea magari, wakamkalisha chini ya picha ya harusi yake. Mzee alipiga magoti mbele ya binti yake. Akavua shati lake ili amfute damu usoni.

"Apana. Usimupanguse kwanza."

Ni Léocadie. Alikuwa amefungua mlango, anashikilia ukuta, jicho moja limeziba kabisa na la pili limebaki ufa. Pua haikuwa pua. Akanyoosha mkono, akaomba simu ya Houda, akaifungua kamera bila kutafuta, vidole vikijua njia.

"Mugeuzeni ku dirisha," aliwaambia wanaume, na wanaume wakatii. "Apana mbele, pembeni. Mwanga ikipiga mbele, uvimbe hauonekani. Houda, mwanangu, inua kidevu." Akapiga. Akatazama alichopata, akatikisa kichwa, akapiga tena. Akaokota kalamu kwenye vioo vilivyovunjika, akailaza kando ya vidole viwili vilivyokatika. "Lazima uweke kitu kando, ili wajue kipimo. Picha za kwanza sikujua. Za kwanza tano zote ni bure, hazionyeshi kitu."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayefundisha kupika wali. Houda alikuwa amevumilia mateke na chuma, lakini aliposikia sauti ile, na kuona mkono ule usiotetemeka hata kidogo, alilia mpaka mbavu zilizovunjika zikamkata pumzi.

"Najua, inauma," Léocadie alimwambia, akisogeza simu karibu. "Fungua kiganja kidogo tu. Hivyo. Sasa usiteteme."